Namba nane aliyecheza mbele ya namba tisa: jinsi ya kuyasoma mabao ya Sándor Kocsis

Mabao 75 katika mechi 68 za timu ya taifa. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya bao moja kila alipovaa jezi ya Hungaria. Gerd Müller wa Ujerumani Magharibi, mtu ambaye ndani ya boksi hakuhitaji kuangalia goli liko wapi, alifunga 68 katika mechi 62, na bado anaachwa kwa unywele. Pelé ana 77 katika mechi 92. Hata Ferenc Puskás, nahodha wa kikosi hichohicho, alipachika 84 katika mechi 85 za Hungaria.

Mwenye mabao hayo ni Sándor Kocsis, aliyezaliwa Budapest tarehe 21 Septemba 1929. Kihungaria kina tahajia yake: s ikiwa peke yake husomwa sh, na cs husomwa ch. Kwa hiyo usimwite Koksisi, mwite Shandor Kochish. Jina lenyewe maana yake ni mwendesha gari la farasi. Gari hilo, kocsi, lilipewa jina la kijiji cha Kocs kilichosifika kwa kuyatengeneza. Waingereza wakalichukua neno, baadaye wakaanza kulitumia kwa mwalimu wa michezo, nasi tukalipokea kutoka kwao: ndilo hili tunalotamka kila siku, kocha.

Turudi kwenye mabao. Takwimu za zamani hutufikia zikiwa zimekaushwa kama dagaa. Ukizishika mkononi hujui zilivuliwa maji gani. Kijiweni utasikia maelezo mawili. La kwanza: zamani mabeki walikuwa hawakabi, timu zilipigana saba, nane, yeyote angefunga. La pili: yule alikuwa jini. La kwanza lina ukweli nusu, na nitalirudia huko mbele. La pili halielezi kitu. Mimi naona ukitaka kuyaelewa mabao ya Kocsis anza na swali dogo zaidi: alikuwa akisimama wapi?

Katika Kiswahili cha mpira cha leo, hasa Tanzania, namba nane ni kiungo. Anakimbia kutoka boksi hadi boksi, anapokonya, anagawa, na mara mojamoja anafunga. Kocsis alivaa namba nane mgongoni, kwa hiyo msomaji wa leo ana haki ya kujiuliza kiungo gani huyu anayefunga mabao 11 katika Kombe la Dunia moja. Mkanganyiko unatokana na mfumo uliotawala Ulaya wakati ule, ambao walimu waliuita WM kwa sababu ukiuchora ubaoni washambuliaji wanafanya umbo la W na walinzi umbo la M. Nyuma walikaa mabeki watatu, mbele yao viungo wawili, kisha watu watano wa kushambulia. Hao watano ndio walibeba namba 7 hadi 11. Saba na kumi na moja walikuwa pembeni. Tisa alikuwa katikati, mbele kabisa. Nane na kumi walisimama nyuma yake kidogo, mmoja kulia na mwingine kushoto, kazi yao kuunganisha mchezo na kumlisha huyo wa tisa. Namba tumezirithi, mfumo umekufa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "yule ni namba sita asilia" huku mchezaji mwenyewe ameandikwa 25 mgongoni.

Kwa mabeki, WM ilikuwa na raha yake: kila mtu alimjua mtu wake. Beki wa kati alikabidhiwa namba tisa. Akimfuata mpaka filimbi ya mwisho, kazi yake imekwisha.

Wahungaria ndio walioiharibu raha hiyo. Márton Bukovi, kocha wa MTK ya Budapest, alianza kumrudisha namba tisa wake nyuma, kwenye eneo la viungo. Gusztáv Sebes, aliyeisimamia timu ya taifa, akalichukua wazo hilo. Septemba 1952 mjini Bern, Hungaria ikiwa nyuma kwa 2-0 dhidi ya Uswisi, aliingizwa Nándor Hidegkuti badala ya Péter Palotás, mambo yakageuka na mechi ikaisha 4-2. Kuanzia hapo jezi namba tisa ikawa ya Hidegkuti, na Hidegkuti hakukaa mbele. Sasa mwenye namba tisa akirudi nyuma, mbele anabaki nani? Hapo ndipo walipopanda Kocsis na Puskás. Nane na kumi, waliotakiwa kuwa walishaji, wakawa washambuliaji wa mwisho, na yule wa tisa ndiye akawa mpishi.

Chukua uwanja wa Wembley, London, 25 Novemba 1953. Harry Johnston, beki wa kati wa England, anamtafuta namba tisa wake na kumkuta amesimama karibu na duara la kati. Akimfuata, mgongoni kwake kunabaki kiwanja kitupu, na Kocsis na Puskás wako palepale wakinusa. Akibaki nyuma, Hidegkuti anapokea mpira hana mtu, anainua kichwa, anachagua. Johnston hakupata jibu kwa dakika 90. Dakika ya kwanza haijakatika, Hidegkuti alikuwa ameshafunga. Akaongeza mawili, Puskás akafunga mawili, József Bozsik moja. Mechi ikaisha 6-3, na England ikapigwa nyumbani kwa mara ya kwanza na timu kutoka bara la Ulaya.

Itazame vizuri orodha hiyo ya wafungaji. Kocsis hayumo. Katika mechi inayosimuliwa kuliko zote za kikosi kile, mfungaji wao mwenye wastani mkali kuliko wote hakutikisa nyavu hata mara moja. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko mabao matano ambayo angefunga. Alikuwa sehemu ya mtambo. Siku mtambo ulipomtaka avute beki ili mwingine apite, alivuta. England walikwenda Budapest tarehe 23 Mei 1954 kulipiza kisasi wakala 7-1, na safari hiyo Kocsis alifunga mawili.

Nafasi peke yake haitoshi lakini. Uwanja mtupu nyuma ya beki wa kati ulikuwa wazi kwa Puskás pia, na Puskás aliutumia kwa mguu wa kushoto. Kocsis aliutumia kwa kichwa. Wenzake walimwita Kichwa cha Dhahabu, na hakuwa pandikizi la mtu: alikuwa mwembamba, wa urefu wa kawaida. Wengi hudhani kufunga kwa kichwa ni suala la urefu. Urefu unakusaidia kuufikia mpira, ila kuuelekeza ni kazi ya shingo na kiuno, na kuuwahi ni kazi ya kuondoka kwa wakati. Kocsis aliruka mapema kidogo kuliko beki, akawa tayari yuko juu beki anapoanza kupanda, kisha akaugonga mpira kama mtu anayepiga kwa mguu: kwa nguvu, kuelekea chini, karibu na mstari, mahali ambapo kipa lazima aanguke ndipo afike.

Kumbuka na mpira wenyewe ulivyokuwa. Mipira ya ujana wake pale Kőbánya, mtaa wa viwanda wa Budapest alikoanzia soka, ilikuwa ya ngozi, mingi ikifungwa kwa kamba kama kiatu. Ikilowa inakunywa maji na kuwa mzigo. Paji likikutana na fundo la kamba unarudi nyumbani na alama. Kijana aliyeamua kuufanya mchezo wa kichwa kuwa silaha yake katika hali hiyo alikuwa ameamua kweli.

Na majalo yalitoka kwa watu waliomjua. Kushoto alikuwepo Zoltán Czibor, winga mwenye kasi ya kutisha. Kulia alikuwepo László Budai, ambaye alicheza na Kocsis katika klabu ya Ferencváros kabla wote wawili hawajahamia klabu ya Honvéd. Mtu mkicheza naye miaka yote hiyo hahitaji kuinua macho. Anajua utakuwa wapi.

Kuhama kwao kwenda Honvéd mwaka 1950 hakukuwa usajili kama tunaoujua sisi, wa dau na picha na skafu shingoni. Hungaria ilikuwa mikononi mwa chama cha kikomunisti, na klabu ziligawanywa kwa taasisi za dola. MTK ilikwenda kwa polisi wa siri. Kispest, klabu ya kitongojini ya akina Puskás na Bozsik, iligeuzwa mwaka 1949 kuwa timu ya jeshi na kupewa jina la Honvéd, yaani mlinzi wa nchi. Ferencváros, klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote na iliyotazamwa kwa jicho baya na watawala, ilinyang'anywa vijana wake. Njia ilikuwa rahisi: kijana wa miaka 20 huitwa jeshini, na jeshi lina timu. Kocsis akawa askari wa jina na mfungaji wa kazi. Kwa Honvéd alifunga mabao 153 katika mechi 145 za ligi, akawa mfungaji bora wa ligi ya Hungaria mwaka 1951, 1952 na 1954.

Dhuluma hiyo ndiyo iliyomsaidia Sebes. Karibu nusu ya kikosi cha taifa kilifanya mazoezi pamoja kila siku klabuni. Walipokutana kwa mechi ya kimataifa hapakuwa na haja ya kuzoeana. Walichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki Helsinki mwaka 1952, na kwa zaidi ya miaka minne, kuanzia Juni 1950, hawakufungwa katika mechi thelathini na ushee.

Sasa lile jibu la kwanza la kijiweni, kwamba wapinzani walikuwa wepesi. Tulipime kwa mabao 11 ya Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi, rekodi ambayo mpaka leo ameivuka Just Fontaine tu, aliyefunga 13 mwaka 1958. Mabao matatu ya Kocsis yalikuwa dhidi ya Korea Kusini, 9-0. Wakorea walikuwa wamefika wamechoka na safari ndefu, nchi yao imetoka vitani mwaka mmoja nyuma, na kufikia mwisho wa mechi baadhi yao miguu ilikuwa imewakaza kabisa. Hayo, kwa haki, tuyaite mepesi. Mabao manne yalikuwa dhidi ya Ujerumani Magharibi, 8-3. Hapa kuna fundo. Kocha wa Wajerumani, Sepp Herberger, alipanga wachezaji wengi wa akiba. Utaratibu wa mwaka ule ulikuwa wa ajabu: kila kundi lilikuwa na timu mbili zilizopewa hadhi ya juu, na hizo hazikukutana. Hungaria na Uturuki zilikuwa za juu, Wajerumani hawakuwa. Herberger alipiga hesabu kwamba hata akifungwa na Hungaria anaweza kumaliza kazi kwa Uturuki katika mechi ya mtoano, na ndivyo ilivyokuwa: aliipiga 7-2. Kwa hiyo saba kati ya yale 11 yana maelezo. Zaidi ya hayo, katika ile mechi ya 8-3 Puskás alipigwa kifundo cha mguu na Werner Liebrich, akakosa mechi mbili zilizofuata.

Yamebaki manne, na hayo manne ndiyo ninayoyaheshimu. Robo fainali dhidi ya Brazil, nahodha hayupo. Mechi iliharibika ikawa vita, wachezaji watatu wakatolewa nje, enzi ambazo kadi nyekundu hazijabuniwa na mwamuzi alikutoa kwa kidole. Kocsis alifunga la pili mapema, halafu dakika ya 88, matokeo yakiwa 3-2 na Wabrazili wakisukuma kwa hasira, akafunga la nne.

Siku tatu baadaye, Lausanne, nusu fainali dhidi ya Uruguay, mabingwa watetezi, ambao tangu Kombe la Dunia lianze mwaka 1930 walikuwa hawajapoteza mechi hata moja katika mashindano hayo. Hungaria ilitangulia 2-0. Juan Hohberg akarudisha moja dakika ya 75, la pili dakika ya 86. Muda wa ziada. Puskás bado anachechemea jukwaani. Watu wamecheza na Brazil siku tatu nyuma, miili ina michubuko. Dakika ya 111 mpira unaingia kutoka pembeni na Kocsis yuko juu, kichwa, bao. Dakika ya 116 tena, kichwa, bao. Yale maelezo yangu ya namba nane na namba tisa hayatoshi hapa, maana dakika ya 116 hakuna mfumo unaobaki uwanjani. Kinachobaki ni mtu anayeweza kuruka wakati wengine hawawezi.

Fainali ilichezwa Bern tarehe 4 Julai, mvua ikinyesha. Puskás alirudi akiwa hajapona sawasawa, akafunga dakika ya sita, Czibor dakika ya nane. Max Morlock na Helmut Rahn wakasawazisha kabla ya dakika ya 20. Kipindi cha pili Kocsis alipiga kichwa, mpira ukagonga mtambaa wa panya na kurudi uwanjani. Dakika ya 84 Rahn akafunga la tatu. Puskás akasawazisha dakika za mwisho, kibendera kikainuliwa: ameotea. 3-2. Mfungaji bora wa mashindano alikosa kufunga katika mechi moja tu, ile ya mwisho. Ubishi wa kuotea kule sitauingia, umeshaliwa na watu wengi. Mimi huukumbuka zaidi ule mwamba.

Kuna swali lingine ambalo wengi hawaliulizi: kwa nini mabao yaliishia 75? Kocsis alicheza mechi yake ya mwisho ya taifa Oktoba 1956, akiwa na miaka 27, umri ambao washambuliaji wengi ndio wanaiva. Hakushuka kiwango wala hakuumia. Tarehe 23 Oktoba mapinduzi yalilipuka Budapest, na tarehe 4 Novemba vifaru vya Kisovieti viliingia kuyazima. Honvéd ilikuwa nje ya nchi kwa maandalizi ya Kombe la Mabingwa la Ulaya dhidi ya Athletic Bilbao. Ilifungwa 3-2 Hispania. Mechi ya marudiano haikuweza kuchezwa nyumbani, ikapelekwa Brussels, ambako kipa wao aliumia na, kwa kuwa hapakuwa na kubadilisha wachezaji, Czibor winga akaingia golini. Sare ya 3-3, wakatolewa. Badala ya kurudi wakaenda ziara ya Brazil wakiongozwa na Béla Guttmann, Mhungaria mwenzao. Chama cha soka cha Hungaria kilipinga, FIFA ikasema ziara hiyo ni haramu, na adhabu zikafuata. Wengine, akiwemo Bozsik, walirudi. Puskás, Czibor na Kocsis hawakurudi, na aliyekimbia nchi hakuwa na timu ya taifa tena. Puskás baadaye aliichezea Hispania mechi nne. Kocsis hakuchezea nchi nyingine yoyote.

Alipita Young Fellows ya Zürich, kisha mwaka 1958 László Kubala, Mhungaria aliyetangulia kutoroka, akamvuta Barcelona pamoja na Czibor. Hapa takwimu zinachanganya tena. Utakuta mahali ameandikiwa mabao 42 kwa Barcelona, kwingine zaidi ya 150. Hakuna anayedanganya: 42 ni ya ligi, yale mengi yamejumlisha mashindano yote na mechi za kirafiki. Ukilinganisha wachezaji wawili, uliza kwanza kila mmoja amehesabiwa kwa kibaba gani. Alichukua ubingwa wa Hispania mwaka 1959 na 1960. Machi 1960 alikwenda Wolverhampton, England, na kuwafunga wenyeji manne kwenye matope yao, 5-2.

Halafu tarehe 31 Mei 1961, fainali ya Kombe la Mabingwa, Barcelona na Benfica. Uwanja: Wankdorf, Bern, uleule wa 1954. Kocha wa Benfica: Béla Guttmann, yuleyule wa ziara ya Brazil. Kocsis alifunga dakika ya 21, kwa kichwa bila shaka, kutoka kwenye jalo la Luis Suárez. Benfica wakasawazisha, wakapata la pili kipa Antoni Ramallets alipojifunga, na la tatu likapigwa kwa mbali na Mário Coluna, mzaliwa wa Msumbiji. Czibor akafunga la pili la Barcelona dakika ya 75. Mbali na hayo ikawa ni kugonga miti tu. Shuti la Kubala liligonga nguzo moja, likapita mbele ya mstari, likagonga nyingine, likatoka. Miti yenyewe ilikuwa ya pembe nne, si ya mviringo kama ya leo. 3-2, matokeo yaleyale ya miaka saba nyuma, na safari hii Kocsis na Czibor wote wamefunga.

Aliendelea Barcelona hadi katikati ya miaka ya 1960, akafundisha kidogo, ikiwemo Hércules ya Alicante. Aliugua saratani. Tarehe 22 Julai 1979, akiwa hospitalini Barcelona, alianguka kutoka ghorofa ya nne akafa, akiwa na miaka 49. Mwaka 2012 mabaki yake yalipelekwa Budapest na kuzikwa upya ndani ya Basilika la Mtakatifu Stefano, ambamo Puskás alikuwa amelazwa tangu 2006.